Punda Atarudishwa na Nani

Ninyi mnaotafsiri filamu kwenye vibanda umiza vya Chikongola, nawasikia. Dirisha langu limeelekea huko, na spika zenu hazina adabu. Nasikia mnavyomshabikia yule mnyonge anayeonewa tangu filamu inapoanza, mnavyomwita "mwanangu", mnavyowaahidi watu kwamba subirini, leo patachimbika. Kazi mnaiweza. Wengine mnaiweza kuliko mimi nilivyoiweza, na nasema hivyo kwa shida maana sina mazoea ya kusifia watu. Lakini kila mkifika pale mnyonge anaponyanyuka, nafunga dirisha hata kama kuna joto la kufa mtu. Binti yangu huniuliza, mama, mpaka leo unaogopa filamu? Namwambia ninaowaogopa ni wanaoitazama.

Mimi nilikuwa sauti ya sinema ya bure. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, ofisi yetu ya serikali pale Mtwara ilikuwa na Land Rover, jenereta lenye kikohozi, projekta moja, shuka kubwa jeupe na makopo ya mikanda ya filamu. Tunafika kijijini alasiri, tunafunga shuka, na giza likiingia tunaanza na filamu ya kunawa mikono au ya kuchimba vyoo. Watu wanaivumilia kwa heshima. Halafu tunaweka ile waliyoijia. Filamu hizo zilitoka nchi za mbali, na lugha zake hakuna aliyezijua, na mimi nikiwemo. Nilishika kipaza sauti nikawaambia watu huyu anasema hivi, yule anajibu vile, yote kutoka kichwani mwangu. Mkisikia mtu anajisifu kwamba siku hizi mmebuni kutafsiri, mwambieni bibi Zuhura wa Mikindani aliwatangulia, tena bila kuelewa neno.

Aliyenifundisha ni Mzee Gervas, dereva wetu na mwendesha projekta, mtu wa Songea, mpole mpaka anaudhi. Alikuwa akifuta lenzi kwa pindo la shati huku ananipa masomo. Mwenye nguvu, alisema, mpe sauti ya chini, kwa sababu anajua atasikilizwa. Mnyonge ndiye anayepaza sauti. Usimpe mnyonge maneno ya kishujaa mapema, mwache aombe, akataliwe, aombe tena. Nilipomuuliza kwa nini watu wampende mtu wa kuombaomba, alisema hakuna aliyekaa kwenye mkeka pale ambaye hajawahi kuomba kitu chake mwenyewe akanyimwa.

Na alisema kweli. Mara moja tulionyesha Mikindani filamu ya bondia mwembamba aliyepigana na jitu, akapigwa, filamu ikaisha. Kesho yake wazee wa heshima kabisa walikuja kumwomba Mzee Gervas aiweke tena. Walisema jana kijana alikuwa hajamzoea mwenzake, leo atakuwa ameshamjua. Tukaiweka. Akapigwa vilevile. Waliondoka wakinung'unika kwamba tumemchosha kwa safari, na hawakutusalimia vizuri kwa muda mrefu.

Somo jingine la Mzee Gervas lilikuwa pa kusimama. Msisimame nyuma na projekta kama mnavyofanya. Mimi nilisimama pembeni ya shuka, uso kwa watu. Filamu niliijua kwa moyo, ila watu walikuwa wageni kila siku. Mwanga wa shuka uliwamulika, nikaona nani anacheka na nani anafuta machozi kwa ncha ya khanga, nikapandisha au nikapunguza sauti. Mtu wa mbele kabisa ndiye asiyeona kitu, kwa sababu wote wako mgongoni mwake. Na mbele kabisa, kwenye kiti, alikaa kiongozi.

Sasa niwaambie desturi yetu ya majina, maana ndiyo iliyotuponza. Majina ya kigeni yalikuwa hayashikiki, kwa hiyo mwanzoni mwa filamu niliwauliza watu wenyewe. Huyu mwenye tumbo tumwite nani? Huyu mwembamba je? Wakapenda kuliko filamu yenyewe. Na kwa kuwa huku kwetu utani una nguvu, jina la mtu mbaya walimpa mtani wao. Mtani wa kweli anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako ukacheka na ukamlipa siku ya msiba wake. Basi mtani aliyeitwa jina lake alisimama, akapunga mkono, na jioni yote watu wakamzomea kwenye shuka na kumpigapiga mabega. Hakuna aliyekwenda kulala na kinyongo.

Siku ninayoisema tulikwenda kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, na jina lake nitalimeza. Kilikuwa kipya, watu wa vitongoji vingi wamehamishiwa mahali pamoja. Ng'ambo ya mto wenzetu walikuwa wakipigana na Mreno, kwa hiyo shuka tulilifunga nyuma ya ghala ili mwanga usionekane upande ule, na mgambo mmoja aliwekwa kusikiliza kama kuna ndege. Mtu anafanya kazi ya kuchekesha watu huku sikio moja liko juu. Niliipenda kazi yangu, lakini katika safari za huko sikuwahi kulala vizuri.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Chilumba. Alikuwa mtu wa kuja, ameletwa kutoka upande wa Masasi wakati kijiji kinaanzishwa, akaoa hapo hapo mwanamke mwenyeji, Somoe. Hakuwa na mazungumzo. Tulipokuwa tunashusha jenereta alimwita Mzee Gervas kando, nami nikasikia. Aliomba nafasi moja kwenye gari asubuhi. Kulikuwa na mtu wa kupelekwa mjini kwa wakubwa, akajibu kwa nini anahujumu kijiji.

Mtu huyo alikuwa Ahmadi Mnali, na yeye mwenyewe alikuwa hajui. Kosa lake lilikuwa mikorosho. Alikuwa na shamba lake kule mahame, kijiji cha zamani walikohamishwa, upande wa pili wa mikoko. Kila msimu wa kupalilia alitoroka zamu ya shamba la ujamaa akaenda kulifyeka, maana mkorosho ukiachiwa pori moto unaupitia. Mwenyekiti alimkataza, akamkataza tena, akamfungia. Akitoka tu, anakwenda. Siku ile ile mchana alikuwa amesaidia kunyanyua makopo yetu, mtu mfupi, mashavu yameingia ndani, ananiita dada ingawa kwa umri angeweza kuwa mjomba wangu. Wakati ule mtu akipelekwa mjini kwa jina la kuhujumu, hakuna aliyeweza kukuambia atarudi lini. Nyumbani kwake kulikuwa na mke mgonjwa na watoto.

Nilimuuliza Mzee Gervas kama tunaweza kukataa. Akasema gari si letu. Akasema tena, taratibu, kwamba hata sisi wenyewe si mali yetu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya maskini mmoja anayebeba maji kwa punda, na tajiri mwenye visima anamnyang'anya yule punda. Filamu nzima maskini anamfuatilia punda wake. Anaomba langoni, anaomba shambani, anaomba msikitini kwao. Ofisi iliipenda, maana ilifundisha ubaya wa makabaila. Mwishoni, katika mkanda wa mwisho, maskini anachukua panga. Anamkata tajiri mlangoni kwake, na filamu inaishia hapo hapo, panga chini, mtu chini. Tulikuwa tumeionyesha kila mahali bila neno.

Giza lilipoingia uwanja ulijaa mpaka kwenye kuta za ghala. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili na watoto mapajani, Mwenyekiti katikati mbele kwenye kiti chake, na Somoe mstari wa mbele wa akina mama. Nikauliza kama kawaida, huyu mwenye punda tumwite nani? Sauti kutoka gizani ikasema Mnali. Watu wakacheka. Mnali mwenyewe akacheka, akafunika uso. Nikasema haya, Ahmadi Mnali ana punda wake. Na huyu mwenye visima?

Halafu sauti ya mwanamke ikasema Chilumba.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa, na mimi, kwa upumbavu wa mazoea, nikaamini ni utani. Nikatazama kiti nione kama mtani atasimama apunge mkono. Hakusimama. Nikasema kwenye kipaza sauti, haya, Bwana Chilumba huyo anakuja na tumbo lake. Kijiji kizima kikapiga makofi.

Mkanda wa kwanza ulipoisha nilikwenda nyuma kwa Mzee Gervas. Alikuwa anabadilisha mkanda. Aliniambia ameulizia kwa mwenyeji aliyekaa karibu naye pale. Mwenyekiti hana mtani kijijini. Hana hata mmoja, ni mgeni, na wale hawakuwa wakitania.

Nawaambia vijana, kuna hofu ya kuogopa mtu na kuna hofu ya kuogopa kitu kinachokuja polepole na unakijua saa yake. Niliijua filamu ile. Nilijua panga liko kopo gani.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimwita tajiri "huyu bwana", nikaacha jina. Watu wakanirudishia wenyewe, wakipaza sauti, Chilumba, Chilumba. Nilimpunguzia maskini maombi ili wasimhurumie mno, lakini macho yake pale kwenye shuka yalikuwa yanaomba bila mimi. Nilipomfanya tajiri aseme neno la upole, kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba hata huyu wetu huanza hivyo hivyo. Kila aliponyimwa punda, walisema mikorosho. Hawakusema punda tena. Na Mwenyekiti hakugeuka hata mara moja, shingo imesimama, mikono juu ya magoti.

Mkanda wa tatu ulipokwisha nilimwambia Mzee Gervas tuseme wa mwisho umekatika. Akanionyesha watu kwa kidevu. Tukiwaacha hapa, alisema, watautengeneza mwisho wenyewe, na huyo mtu amekaa katikati yao. Afadhali wauone kwenye shuka. Sikujua kama ana haki. Hata leo sijui.

Nikiwa nimesimama pale, Ahmadi Mnali alikuja na maji kwenye kikombe cha bati. Alisubiri ninywe. Halafu akauliza, "Dada, samahani. Punda anarudi?"

Kila kijiji waliniuliza kama maskini anashinda. Huyu peke yake aliniuliza habari za punda. Badala ya kumjibu nilimsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini asubuhi asionekane karibu na gari letu, na kama ana pa kwenda, aende sasa hivi.

Alinitazama vizuri. Alielewa, niliona alivyoelewa.

"Niende wapi, dada? Wana wangu wako hapa."

Akachukua kikombe chake akarudi kwenye mkeka.

Mkanda wa mwisho ukaanza. Maskini anatembea njia ndefu kuelekea nyumba ya tajiri, na panga liko ndani ya nguo. Sikusema kitu. Niliona kama nikiwa kimya, basi wale wawili kwenye shuka hawatakuwa na majina, watakuwa wageni wa mbali wasiohusika na mtu. Kimya changu kikafanya kinyume chake. Watu waliokuwa wakinitegemea mimi kwa kila neno walinyamaza, kisha wakaanza kunong'ona wenyewe, Mnali, Mnali, Mnali, kwa pamoja, kama watu wanaovuta gogo. Panga likatoka. Likainuka. Na uwanja ule ukalipuka.

Uso wangu ulikuwa kwa watu, niliona wote. Wazee wamesimama, vijana wamepanda migongoni mwa wenzao. Kigelegele cha kwanza kilitoka mstari wa mbele wa akina mama, kirefu, chembamba. Alikuwa Somoe. Alikuwa ameinua kidevu na ulimi unacheza, na machozi yanamtoka.

Ndipo Ahmadi Mnali aliposimama. Alikanyaga mikeka ya watu mpaka mbele, kivuli chake kikaingia kwenye shuka, akainua mkono kumzuia mtu wa kwenye picha, mtu wa jina lake.

"Acha! Usimkate! Ukimkata, punda atarudishwa na nani?"

Wengine wakacheka, wengine wakamzomea akae. Yeye hakukaa. Alibaki amesimama kati ya shuka na kiti cha Mwenyekiti, mkono juu, huku mbele yake panga linashuka vilevile, maana filamu haisikii mtu. Tajiri akaanguka juu ya mgongo wa Mnali, picha yake ikatambaa kwenye shati lile lililochanika, na shuka likawa jeupe.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikunja mikeka wakaondoka kimya kimya, wakinikwepa macho. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kunyanyuka kwenye kiti chake.

Tulilala ndani ya gari, kama kulala ndiko kule. Mzee Gervas alisali rozari yake, mimi nikasoma sura nilizozijua, na kila jani lililoanguka nilidhani ni mgambo wanakwenda kumchukua Mnali, au vijana wanakwenda kwa Chilumba. Niliwaza sauti yangu. Miaka yote nilidhani nawapa watu maskini wa kumpenda kwa jioni moja, wakapumua, wakalala. Hadithi za bibi zetu zote ziko hivyo, sungura mdogo anamshinda fisi na watoto wanasinzia wakicheka. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kumpa mtu mnyonge wa kumpenda na papo hapo ukampa na wa kumwua.

Kulipopambazuka Mwenyekiti alikuja. Alikuja peke yake, bila mgambo, amevaa kanzu kuukuu badala ya shati lake la kazi, na kifurushi kwapani. Mzee Gervas alikuwa chini ya boneti. Nikamwamkia. Aliitikia, kisha akasimama akitazama magurudumu.

"Jana uso wako ulikuwa kwa watu," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Mimi siwezi kujua kilichokuwa mgongoni mwangu. Lile panga lilipoinuka, mke wangu alifanya nini?"

Nilikuwa na miaka ya kuweka maneno kwenye midomo ya watu, na siku ile sikupata hata moja la haraka. Niliwaza, nikisema kweli, atakwenda na hasira yake moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mnali, na nafasi ile kwenye gari itajaa. Nikisema uongo na akaujua, itakuwa hivyo hivyo, na mimi nitakaa pembeni ya Mnali. Alikuwa akinisubiri. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba si mtu mkubwa wa mwili.

"Alijifunika uso kwa khanga, Mwenyekiti," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu na jirani.

"Ahsante," akasema. "Umejitahidi. Lakini kigelegele chake nakijua. Alikipiga siku ya harusi yetu."

Akahamisha kifurushi kwapa la pili.

"Ile nafasi niliyoomba, bado ipo?"

Nikatazama nyumba ya Mnali, moshi wa asubuhi ulikuwa unatoka, mtu anachemsha chai. Mzee Gervas alifunga boneti, akafuta mikono, akasema kwa sauti ya mtu anayeenda kuzika kwamba ipo, mzee, mwite tu huyo mtu wako.

Mwenyekiti Chilumba hakumwita mtu. Alizunguka nyuma ya gari, akakanyaga bampa, akapanda mwenyewe. Akakaa chini katikati ya makopo ya filamu, kifurushi amekipakata, akaomba ashushwe popote penye barabara ya kwenda kwao. Watu walikuwa wameanza kutoka milangoni. Walisimama kimya wakitazama, Somoe akiwa miongoni mwao. Na mimi, niliyekuwa namchukia mtu yule tangu jana yake mchana, nikajikuta nimeshika ubao wa mlango kwa nguvu zangu zote, naomba Mungu gari liwake mara ya kwanza tu, lisizime, lisikwame kwenye mchanga mbele ya macho yao.